Choo Kipimwe kwa Swali Gani?

Mtu mzima akienda choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku, na hali hiyo ikapita wiki nne, madaktari husema ana kuhara sugu. Kwa mtoto mdogo hawangoji hivyo. Siku 14 zinatosha kuwatia wasiwasi. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi Umoja, Kayole na Dandora, matumbo ya namna hii si machache, na wenye nayo wengi wameshapimwa. Wana vikaratasi vya maabara kwenye mikoba yao, na vikaratasi hivyo vinafanana: amiba yupo, taifodi ipo. Walitibiwa, wakapata nafuu ya siku chache, tumbo likaanza upya, wakapimwa tena, wakaandikiwa yale yale.

Swali ninaloliweka mezani ni hili: mgonjwa wa aina hii apimwe zaidi, au apimwe vingine? Nimewapa nafasi watu watano ambao utawakuta katika mtaa wowote wa huku. Sikuwapa majina, kwani kila mmoja amebeba hoja za wengi, na maneno yao nimeyapanga mwenyewe ili hoja hizo zikutane uso kwa uso. Yupo mama muuza mboga. Yupo mzee aliyestaafu kazi ya reli, mkazi wa zamani wa Makongeni. Yupo mwenye kemisti kando ya Barabara ya Jogoo, na mtaalamu wa maabara katika kliniki ndogo ya mtaani. Wa tano ni daktari wa hospitali ya umma. Nina msimamo wangu, na nitaingilia kati pale nisipoweza kunyamaza.

MAMA MBOGA: Nianze mimi, kwa kuwa tumbo ni langu. Huu ni mwezi wa tatu. Saa kumi alfajiri niko njiani kwenda soko la Marikiti, na kabla sijapanda gari nimeshapanga moyoni ni choo gani nitaingia nikifika. Nimepimwa hadi nimechoka. Amiba na taifodi, amiba na taifodi. Nimedungwa sindano siku tano mfululizo, nimemeza Flagyl, ile dawa ya amiba, mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma. Sasa nasikia mnataka nipimwe tena. Mnipime nini ambacho hakijapimwa?

MWENYE KEMISTI: Mama yangu, hapo ndipo na mimi niliposimama. Anayekuja dirishani kwangu na noti moja mkononi hana pesa ya maabara na dawa kwa pamoja. Nikimtuma maabara, pesa inaishia huko, anarudi na karatasi isemayo amiba, na dawa ninayompa ni ile ile ambayo ningempa tangu mwanzo. Sasa karatasi imemsaidia nini? Wengi wanapona. Nawaona, hawarudi.

DAKTARI: Nikubaliane nawe kwa nusu, ndugu yangu. Mtu anayehara maji siku mbili tatu, hana damu chooni, hana homa kali, hahitaji maabara. Anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, na mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwili utamaliza kazi wenyewe. Hao ndio unaowaona hawarudi, na wangepona hata kama ungewauzia pipi. Lakini huyu mama ana miezi mitatu. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa, na orodha ya vyanzo vyake ni nyingine. Tukimtibu kwa mazoea ya kuhara kwa siku mbili tutamzungusha mpaka aishe.

MWENYE KEMISTI: Naye amepimwa. Hilo ndilo linalonitatiza. Kama maabara ndiyo dawa ya kubahatisha, mbona yeye na maabara yake bado wanabahatisha?

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, na si haki kumjibu mwenye kemisti kwa kumkumbusha tu kwamba sheria inataka antibiotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari. Sheria iko sawa, lakini haimjibu. Ajibu mtu wa hadubini.

MTAALAMU WA MAABARA: Nitasema wazi, ingawa wenzangu wengine hawatanipenda. Tuanze na amiba. Yuko amiba anayeharibu utumbo, Entamoeba histolytica. Yuko mwingine, Entamoeba dispar, anayeishi tumboni mwa mtu bila kumdhuru. Mfaransa Émile Brumpt alisema tangu mwaka 1925 kwamba hawa ni wawili, na kwa miongo mingi hakusikilizwa. Mwaka 1993 ndipo wanasayansi walipowatenganisha rasmi. Chini ya hadubini yangu vifuko vyao havina tofauti yoyote. Ninachoweza kutegemea ni kumwona amiba akiwa hai, anatembea, na ndani yake amemeza chembe nyekundu za damu. Nikimwona huyo, mgonjwa ana kesi. Nikiona vifuko peke yake, ninachojua ni kwamba mtu huyu amewahi kula au kunywa kitu kilichogusana na kinyesi.

MZEE: Na huyo anayetembea humwona mara ngapi?

MTAALAMU WA MAABARA: Kwa nadra sana, mzee wangu, kwa sababu nyingine ndogo inayoumiza. Choo cha maji kinatakiwa kiangaliwe ndani ya nusu saa, kingali na joto. Mtu wa Kayole anajisaidia alfajiri, anafunga kikopo kwenye karatasi ya nailoni, anapanda matatu, anakaa kwenye foleni, na kikopo kinafika mezani kwangu saa nne. Amiba kama alikuwepo amekwisha kufa na kusagika. Chembe nyeupe za damu zinazoanza kuharibika zinafanana naye vya kutosha kumdanganya mtu aliyechoka. Hapo ndipo wengine wanapoandika amiba.

MAMA MBOGA: Kwa hiyo nimekuwa nikimeza dawa ya chembe zangu mwenyewe?

MTAALAMU WA MAABARA: Inawezekana, mama. Siwezi kuapa kwa karatasi ambayo sikuiandika.

DAKTARI: Na taifodi?

MTAALAMU WA MAABARA: Widal. Kipimo cha Fernand Widal, cha mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu, kinatafuta kingamwili ambazo damu imetengeneza. Sasa mtu aliyekulia huku, akanywa maji ya mkokoteni kila mfereji unapokauka, damu yake imeshakutana na salmonela, jamaa za kijidudu cha taifodi, mara kadhaa. Kingamwili hubaki. Hata malaria inaweza kukitikisa kipimo hicho. Ukimpima mara moja tu, usomaji wa chini unaweza kuwa kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani. Anayetaka kuijua taifodi aoteshe damu maabara, na hata huko wapo wagonjwa wa kweli wanaoponyoka.

DAKTARI: Niongeze neno ili watu wasiende nyumbani wakidhani taifodi ni hadithi. Ipo, na inaua. Profesa Samuel Kariuki na wenzake katika taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, waliifuatilia katika mtaa wa Mukuru kwa miaka mingi, na vijidudu vinavyokataa dawa vimeonekana huko. Lakini taifodi ni ugonjwa wa homa inayopanda siku hadi siku. Mtu asiye na homa, anayefanya biashara yake, anayehara mwezi wa tatu, taifodi haipaswi kuwa ya kwanza kwenye orodha yake. Haipaswi hata kuwa ya tano.

MWENYE KEMISTI: Basi kwa nini mnaiandika?

Hapa kila mtu alistahili kunyamaza kidogo. Mtaalamu wa maabara alilijibu swali hilo, nami naona jibu lake ndilo kiini cha jambo lote.

MTAALAMU WA MAABARA: Kwa sababu mtu akilipa, akasubiri, kisha akapewa karatasi iliyoandikwa "hakuna kilichoonekana", anahisi ameibiwa. Anaenda kliniki ya pili. Ya pili inampa amiba, naye anawaambia majirani kwamba ile ya kwanza hawajui kazi. Mwenye kliniki anataka wateja warudi. Kijana aliyetoka chuoni juzi, anayefanya kazi peke yake kwenye chumba kisicho na dirisha, anajifunza haraka karatasi ipi inapendwa. Bodi inayotusimamia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, inaweza kukagua leseni na vifaa. Kukagua ujasiri wa mtu wa kuandika "hakuna" ni vigumu zaidi.

Mimi naamini kwamba maabara isiyoweza kusema "hakuna" haiwezi kusema chochote. "Hakuna amiba" ni jibu kamili. Linamwambia daktari afunge mlango huo na kujaribu mwingine. Mgonjwa anayeondoka na "hakuna" iliyofanywa kwa uaminifu amepata thamani ya pesa yake zaidi kuliko aliyeondoka na ugonjwa wa kupewa.

MZEE: Lakini mashine za kisasa zipo. Nimesikia kuna kipimo cha vinasaba kinachotafuta vijidudu ishirini kwa choo kimoja. Si tununue hicho, tuache kubishana juu ya macho ya mtu?

DAKTARI: Mzee, ngoja nikupe hesabu moja. Ulifanyika utafiti mkubwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, upande wake wa magharibi. Walichukua choo cha watoto 9,439 wenye kuhara kwa wastani hadi kukali, na cha watoto 13,129 wasiohara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa wanaohara, angalau kijidudu kimoja cha ugonjwa kilionekana kwa asilimia 83 yao. Kwa wasiohara, asilimia 72.

MWENYE KEMISTI: Wasiohara? Wazima?

DAKTARI: Wazima, wanacheza nje. Sasa fikiri ungemchukua mtoto mmoja tu kati yao, ukapima, ukaona kijidudu, ukatangaza kwamba umepata chanzo. Mahali ambapo majitaka yanapita mlangoni, choo cha karibu kila mtu kina la kusema. Watafiti walilazimika kulinganisha makundi mawili ndipo wakajua nani mkosaji. Walipolinganisha, wanne walijitokeza mbele ya wengine: virusi vya rota, Cryptosporidium, aina moja ya E. koli yenye sumu, na Shigella. Amiba hakuwa miongoni mwa hao wanne.

Utafiti huo ulikuwa wa watoto na wa kuhara kwa ghafla, kwa hiyo sipendi kumvisha mama mboga matokeo yake yote. Lakini asilimia 72 hiyo inapaswa kubandikwa ukutani katika kila kliniki ya huku. Mashine inayoona vijidudu ishirini, ikiletwa mahali ambapo hakuna aliyemwuliza mgonjwa maswali, itatupa karatasi ndefu zaidi za kukosea.

MAMA MBOGA: Basi niulizeni. Tangu nianze kuumwa sijaulizwa kitu. Nafika, napewa kikopo.

DAKTARI: Nakuuliza, mama. Umepungua?

MAMA MBOGA: Sketi nazikaza kwa pini.

DAKTARI: Usiku tumbo linakuamsha, au linakuacha ulale?

MAMA MBOGA: Linaniamsha.

DAKTARI: Damu chooni? Homa, jasho la usiku?

MAMA MBOGA: Damu hapana. Jasho, ndiyo, siku nyingine.

DAKTARI: Umepimwa virusi vya ukimwi lini?

MAMA MBOGA: Daktari, hilo la kuuliza mbele ya watu... Nilipimwa nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Sasa ana miaka tisa. Nilikuwa sawa.

DAKTARI: Nisamehe kwa kuuliza hadharani, lakini nimelazimika, kwa sababu katika vipimo vyote hicho ndicho ulichonyimwa. Mtu mzima mwenye virusi akihara zaidi ya mwezi bila sababu kujulikana, Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo kuwa dalili ya hatua ya tatu ya maambukizi. Historia yake iko hapa jirani. Katika wilaya ya Rakai, Uganda, watu walianza kukonda na kuhara mpaka wakafa, wakauita ugonjwa huo Slim. David Serwadda na wenzake waliuandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1985 na kuuhusisha na virusi hivi. Ni kama miaka arobaini sasa. Leo kipimo ni bure katika vituo vya umma, kinatumia tone la damu ya kidole, na majibu hutoka kabla uji haujapoa. Na bado mtu anaweza kupimwa amiba mwaka mzima kabla mtu hajathubutu kumtajia.

MAMA MBOGA: Nikiogopa je?

DAKTARI: Ogopa, mama, lakini pima. Ukikutwa salama, tumefunga mlango mkubwa. Ukikutwa nayo, tumbo lako lina matibabu, na matibabu hayo si Flagyl.

MTAALAMU WA MAABARA: Na hapo kazi yangu inabadilika. Nikijua kinga ya mgonjwa iko chini, natafuta viumbe ambao kipimo cha kawaida cha choo huwapita. Cryptosporidium ni mdogo mno, mduara wa mikromita nne hadi sita. Kwenye choo cha kawaida utamdhania hamira. Lakini ukipaka choo kwenye kioo, ukakitia rangi nyekundu ya Ziehl na Neelsen, ile ya kupimia makohozi ya kifua kikuu, ukakiosha kwa asidi iliyopunguzwa nguvu, anabaki mwekundu kwenye uwanja wa kijani au buluu. Ndugu yake Cystoisospora anabaki mwekundu pia, ila ni mrefu kama yai.

MWENYE KEMISTI: Kuwajua kunabadilisha dawa?

MTAALAMU WA MAABARA: Sana! Daktari, mwambie.

DAKTARI: Cystoisospora anatibiwa kwa Septrin, dawa unayoiuza kila siku. Cryptosporidium kwa mtu mwenye virusi hana dawa ya kumwondoa vizuri. Kinachomwondoa ni ARV, kinga ikipanda utumbo unajisafisha. Wawili wanaofanana kwa rangi, njia mbili za matibabu. Na kuna jambo la nyumbani: klorini tunayotia kwenye mtungi wa maji haimwui Cryptosporidium. Maji ya kuchemsha ndiyo yanayomwua. Kwa mama anayenunua makaa kwa mkebe hilo ni agizo ghali, kwa hiyo ni vyema nijue kama lina sababu kabla sijamtwika.

Rangi hiyo nyekundu si anasa ya hospitali kubwa. Vituo vya afya vilivyo na kliniki ya kifua kikuu vimeitumia kwa makohozi miaka na miaka. Kuipeleka hatua moja zaidi hadi kwenye choo cha mgonjwa wa kuhara sugu, pale Jericho, Bahati, Makadara au Dandora, hakuhitaji jengo jipya wala mfadhili. Kunahitaji daktari au afisa wa kliniki aandike kwenye fomu anachokitafuta. Fomu inayosema tu "choo" itajibiwa kwa mazoea.

MZEE: Sasa nami mnisikilize. Mimi sikondi, nalala usiku kucha, lakini kila asubuhi baada ya chai nakimbia. Miaka miwili. Nami nina karatasi zangu za amiba.

DAKTARI: Mzee, una ugonjwa gani mwingine?

MZEE: Sukari tu. Nameza metformini asubuhi na jioni.

DAKTARI: Ulianza lini?

MZEE: Miaka miwili... Ahaa.

DAKTARI: Sisemi ndiyo hiyo kwa hakika. Lakini metformini ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kwa kuharisha, na kuna aina yake inayoyeyuka polepole ambayo matumbo mengi huivumilia. Usiiache mwenyewe, nenda kliniki yako ya sukari, waitazame dozi. Kipimo chako cha kwanza ni orodha ya dawa zako, na hakihitaji kikopo.

MWENYE KEMISTI: Hilo ningeweza kumwuliza mimi. Metformini ananunua kwangu.

DAKTARI: Ungeweza, na ungekuwa umeifanya kazi ya maabara kumi. Ukamwulize pia dawa za kiungulia zenye magnesia, na antibiotiki alizomeza wiki za karibuni. Zile sindano za mama za siku tano zinaweza zenyewe kufagia vijidudu vyema vya utumbo na kumpa nafasi Clostridioides difficile, ambaye sumu yake huleta kuhara upya. Tukiona kuhara huko tunasema taifodi imerudi, tunadunga tena.

MZEE: Na chai? Mke wangu anasema ni maziwa.

DAKTARI: Mkeo huenda anaona mbali. Wengi wetu, tukishakuwa wakubwa, utumbo unapunguza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Jamii za ufugaji zina urithi wa kuendelea kukitengeneza. Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha mwaka 2007 mabadiliko ya kinasaba waliyoyakuta Tanzania, Kenya na Sudan, tofauti na yale ya Wazungu. Kama wewe hukurithi, chai ya maziwa tupu itakusumbua, na mala huenda isikusumbue sana. Acha maziwa wiki mbili, kisha yarudie, uone. Kipimo hicho hakina risiti.

Nilitaka mzee apate nafasi yake kwa sababu watu kama yeye husahauliwa tunapozungumza juu ya umaskini na maji machafu. Yeye alihitaji vipimo vichache kuliko alivyopewa. Mama mboga alihitaji vingine, na vya haraka. Wote wawili walipewa kikopo kile kile na kuandikiwa amiba yule yule.

MWENYE KEMISTI: Tuseme basi mama amepimwa virusi, hana. Choo kimetiwa rangi, hakuna. Mmefika ukutani. Mnarudi kwangu?

DAKTARI: Bado. Choo kinaangaliwa siku tatu tofauti, kwa sababu Giardia haonekani kila siku. Leo anatoka, kesho anajificha. Huyo ndiye anayestahili Flagyl yako kwa haki. Antonie van Leeuwenhoek, yule Mholanzi wa hadubini za mwanzo, inaaminika ndiye huyo aliyemwona mwaka 1681, kwenye choo chake mwenyewe siku alizokuwa akihara. Mgonjwa akiwa mtu wa Mwea au wa kandokando ya Ziwa Viktoria, nitaagiza watafute mayai ya kichocho. Damu itanionyesha upungufu, uvimbe, sukari, na tezi ya thairoidi iliyochachamaa. Kipo pia kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini, kinachosema kama ukuta wa utumbo umevimba au la. Kikiwa chini, na mtu hana dalili za hatari, naweza kumwambia kwa moyo mtulivu kwamba utumbo wake una wepesi wa kushtuka, unauma na kuendesha bila kidonda. Ni ugonjwa wa kweli, na haupimwi kwa kikopo.

MTAALAMU WA MAABARA: Na kikiwa juu?

DAKTARI: Tunaingiza kamera kwa njia ya haja kubwa na kuchukua kinyama kidogo. Hapo ndipo tunapotofautisha saratani, vidonda vya utumbo vya muda mrefu, na kifua kikuu cha tumbo. Huyu mama ana jasho la usiku na amekonda. Kifua kikuu cha tumbo siwezi kukiacha. Kinafanana mno na ugonjwa wa Crohn, mojawapo ya hayo ya vidonda vya muda mrefu, na tiba zake zinapingana: dawa za kutuliza uvimbe wa Crohn zikimwingia mwenye kifua kikuu, kinalipuka.

MWENYE KEMISTI: Maneno matamu, daktari. Kamera hiyo analipa nani? Tangu Oktoba 2024 tumeambiwa bima ya afya ya taifa, NHIF, imekwisha, sasa ni SHA. Mama anachangia?

MAMA MBOGA: Nimejiandikisha. Kuchanga kwa mwaka mzima mara moja ndiko kunakonishinda. Mimi napata kwa siku.

DAKTARI: Sina jibu la hilo linaloweza kumridhisha.

Wala mimi sina, na silifichi. Mtu anayeuza kwa siku akitakiwa kulipa kwa mwaka, mlango umefungwa kabla hajafika. Lakini pesa alizokwisha kuzitoa kwa Widal na sindano ni pesa halisi, zilitoka kwenye mboga zake, na hakuna aliyeziona kuwa gharama kwa sababu zilitoka kidogo kidogo. Ninaposikia kwamba vipimo sahihi ni ghali kwa watu wa Eastlands, nataka mtu azijumlishe hizo kwanza.

MTAALAMU WA MAABARA: Nami nina langu la mwisho. Nimekubali kuandika "hakuna" nikimaanisha hakuna. Mwezi ukiisha, mwajiri atauliza kwa nini dawa hazikuuzwa. Maabara na kemisti yake viko chini ya paa moja, na mimi nalipwa kutokana na vyote viwili. Nitamwambia nini?

MWENYE KEMISTI: Usinitazame mimi. Nami kodi yangu ni ya kila mwezi.

Hapa naona ushauri wa kitabibu umefika kikomo chake, na mambo ya malipo yameanza. Kliniki inayopata pesa kwa kila kipimo na kila sindano itapima na kudunga. Kituo kikilipwa kwa kumhudumia mtu na tumbo lake mpaka lijulikane, kitakuwa na sababu ya kumwuliza maswali kwanza. Kaunti ya Jiji la Nairobi inaweza kuanza katika vituo vyake yenyewe bila kungoja mtu: fomu ya choo iwe na nafasi ya kuandika kuhara kumeanza lini na nini kinatafutwa, virusi vipimwe siku ile ile, choo cha siku tatu kihesabiwe kipimo kimoja, na Widal isiguswe kwa mtu asiye na homa.

DAKTARI: Hayo ya siku tatu nayaunga mkono. Wagonjwa wangu wengi huleta kikopo cha kwanza, wakasikia cha pili kina malipo mapya, wakapotea.

MTAALAMU WA MAABARA: Na walete mapema. Au tuwape choo kituoni, chenye maji na mlango unaofungika, wajisaidie hapo hapo. Nusu saa yangu nitaipata.

MWENYE KEMISTI: Akija dirishani kwangu mtu wa wiki ya tano, nimwulize nini?

DAKTARI: Umepungua? Unaamshwa usiku? Umeona damu? Unatumia dawa gani? Akijibu ndiyo kwa mojawapo ya yale matatu ya kwanza, usimwuzie kitu cha kufunga tumbo. Mtume kituoni, na umwandikie kwenye karatasi dawa zote ulizokwisha kumpa.

MAMA MBOGA: Nami kesho siendi Marikiti, nakwenda kupimwa damu. Choo nitaleta siku tatu. Lakini risiti iandikwe moja.